Kapunge Upepo Kidogo

Bango lilitundikwa langoni kabla ripoti yenyewe haijaandikwa. Daktari Bang Myeong-ju alilikuta hapo asubuhi ya Jumatano, limechukua upana wote wa lango la shule, maandishi mekundu makubwa kama ya kampeni: WASICHANA 386, WAVUTAJI SIFURI! HONGERENI MABINTI ZETU! Akasimama chini yake na mkoba wake, shingo juu, akalisoma mara mbili. Utafiti huo ulikuwa wake. Matokeo alimtumia mwalimu mkuu jana tu, tena akamsihi asimwonyeshe mtu.

Lakini mwalimu mkuu Ok Byeong-hak hakuwa mtu wa kusihiwa. Alikuja mbio kutoka ofisini, tai imepinda, mikono ameitandaza.

"Daktari wetu huyo! Umeliona? Mwenye duka la mabango nimemtoa kitandani!"

"Mwalimu mkuu, nilikuambia hayo ni matokeo ya awali."

"Awali ni awali, hakuna awali mbovu. Sifuri ni sifuri, Daktari. Au kesho itaota mkia iwe tisa?"

Akacheka kwa mzaha wake mwenyewe. Myeong-ju hakucheka. Alikuwa na miaka kumi na minane katika taasisi ya afya ya jamii ya mji ule wa Wonju, amehesabu walevi, wavutaji, wasiolala na wanaojikata, na katika miaka yote hiyo hajawahi kukutana na sifuri. Hata ungewauliza watawa wa mlimani kama wamewahi kudokoa kitu jikoni kabla ya sala, angepatikana mmoja wa kukiri. Hapa, wasichana mia tatu themanini na sita wa miaka kumi na tatu hadi kumi na minane wameulizwa swali la saba, "Je, umewahi kuvuta sigara ya kielektroniki, hata mara moja?" na wote, mmoja baada ya mwingine, wametia alama kwenye "La". Hakuna aliyeruka swali wala aliyechora kikatuni. Sifuri ile ilimtisha kuliko idadi yoyote.

Na dodoso lile hakuliandika kwa pupa. Alilitengeneza miezi mitano. Kila swali alilipima, akalikata, akalishona upya, na mwisho akampa msomaji aliyemwamini kuliko profesa yeyote: binti yake Narae, miaka kumi na sita, mwaka wa pili wa sekondari ya juu katika shule nyingine, ng'ambo ya mto. Narae alilisoma mezani, penseli mdomoni, akajaza kila kisanduku kama mwanafunzi wa kweli, kisha akalirudisha.

"Liko wazi, Mama. Kila mtu atajibu ukweli mtupu."

Akacheka kidogo. Mama mtu akaona amesifiwa.

Basi, mbali na karatasi kulikuwa na mate. Kila msichana alitema mate kwenye kichupa kidogo chenye namba, bila jina. Myeong-ju alisimama mbele ya kila darasa akaapa: mwalimu hatajua, mzazi hatajua, na yeye mwenyewe hatajua mate haya ni ya nani. Mtu akivuta nikotini leo, kwa sigara au kwa dude lolote, masalia yake hukaa mateni siku kadhaa. Kupima ilikuwa kazi ya Gu Pil-sun, mtaalamu wa maabara aliyebakiza miaka miwili astaafu, mwanamke asiyemeza neno. "Karatasi utaihonga," alipenda kusema, "mate hayahongeki."

Kabla ya kupima ya watu, mashine nayo hupimwa. Yanahitajika mate safi, ya mtu unayejua kwa hakika kwamba havuti. Ya Pil-sun hayakufaa, kwa sababu mumewe alikuwa bomba la moshi lenye miguu. Kwa hiyo Jumapili Myeong-ju alijaza vichupa viwili nyumbani, chake na cha Narae. Cha kwake alikiandika namba moja. Cha Narae, aliyekuwa safi kuliko wote, alikiandika sifuri.

Jumatano ileile mchana, Pil-sun alimpigia simu kutoka chini.

"Daktari, shuka. Na ukifika ukae kwanza."

"Kuna nini, dada?"

"Shuka, nimekwambia."

Alishuka. Pil-sun alikuwa amekunja mikono kifuani, miwani juu ya paji la uso. Alisukuma karatasi mezani kwa kidole kimoja, kama mtu anayesogeza mdudu.

"Tisini na wanne."

"Tisini na wanne nini?"

"Wavutaji. Kwenye hao malaika wako wa bango. Nimelipita asubuhi na basi, nikasema haya, wacha nione. Tisini na wanne, Daktari! Tena si wa kuonjaonja. Humu kuna mtoto anamshinda dereva wa lori."

Myeong-ju alikaa. Tisini na wanne katika mia tatu themanini na sita ni karibu robo. Kila meza ya watoto wanne, mmoja. Aliona nyuso zao tena, nywele zilizokatwa usawa wa kidevu, soksi nyeupe, walivyomwinamia kwa adabu walipopokea vichupa. Wamewezaje kuandika "La" wote, kwa macho makavu, huku wakimkabidhi ushahidi kwa mikono miwili?

"Wamenidanganya," alisema taratibu.

"Wamekudanganya na mate wakakupa? Mwongo gani huyo? Mwongo angesema ana mafua." Pil-sun akashusha miwani. "Ila kuna jingine, na hili silipendi. Vile vichupa vyako vya usafi. Namba moja imetoka sawa, haina kitu. Sifuri..." Akasita, jambo ambalo si desturi yake. "Sifuri imetoka mia tatu na arobaini."

Myeong-ju aliisikia namba, maana yake ikachelewa kuingia. Mtu asiyevuta hafikishi kumi. Anayemaliza pakiti moja kwa siku huwa kwenye mia mbili, mia mbili na nusu.

"Rudia."

"Nimesharudia."

"Rudia mbele yangu, dada."

Pil-sun akarudia mara tatu. Mia tatu thelathini na nane. Mia tatu arobaini na moja. Mia tatu na arobaini.

"Mashine ingekuwa mbovu, namba moja nayo ingetoka mbovu," Pil-sun alisema. "Huyo mtu wako safi ni nani? Mumeo? Maana mwambie achague jeneza mapema."

 Miguu ya Myeong-ju ilimpeleka korido, na mkono ukapiga simu bila kumwomba ruhusa. Mumewe, Maeng Jun-sik, alikuwa mhandisi katika kiwanda cha meli kule kusini, hurudi nyumbani Ijumaa na kuondoka Jumapili. Nyuma ya sauti yake vyuma vilikuwa vinagongana.

"Jun-sik, umeanza tena kuvuta?"

"Nini? Sikusikii!"

"Unavuta garini ukiwa na mtoto? Nijibu!"

"We mama, una wazimu? Niliacha siku Narae anazaliwa. Ulinisimamisha mlangoni hospitalini ukaninusa vidole! Kuna nini?"

"Hakuna kitu."

"Unapiga simu saa za kazi kwa hakuna kitu?"

Alikata. Alijua alichokuwa anafanya: alikuwa anatafuta mtu mwingine wa kubeba ile namba. Hata moshi wa garini, wa kila siku, usingefika mia tatu na arobaini. Hilo alikuwa analifundisha chuoni kila mwaka, na slaidi zake mwenyewe.

Alifika nyumbani kabla ya saa kumi. Narae alikuwa hajatoka shule. Hupita kula kitu kidogo, kisha huenda tuisheni. Myeong-ju aliingia chumbani kwake na viatu mkononi, amesahau kuvitua. Alinusa. Hakukuwa na harufu ya sigara. Kulikuwa na harufu ya zabibu, ile aliyoizoea tangu zamani. Aliwahi kuiulizia, akajibiwa ni losheni ya mikono. Na aliridhika, Mungu wangu, aliridhika! Yeye anayewalipua wanafunzi wake wa uzamili wakiamini jibu bila kulipima.

Mezani pote palikuwa nadhifu. Kitabu cha hesabu, kitabu cha Kiingereza, ratiba ya wiki iliyopigwa rangi, na kibweta cha kalamu. Ndani ya kibweta mlikuwa na kalamu nne nene za kukolezea mistari: ya njano, ya kijani, ya waridi na ya zambarau. Alikuwa anakaribia kukifunga alipokumbuka kwamba ile ya zambarau huchajiwa.

Alijua kwamba huchajiwa kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa akiichaji. Akiikuta imelala sebuleni huichomeka ukutani karibu na simu yake, akiwaza kuwa siku hizi hata kifutio kina betri. Tena si hilo tu. Majira ya kuchipua, siku ya mtihani wa majaribio wa nchi nzima, Narae aliisahau kwenye chaja. Myeong-ju aliiona, akapiga yowe, akatoka mbio na ndala za ndani, mvua inanyesha, mpaka kituo cha basi. "Narae! Kalamu yako!" Akamkabidhi kupitia mlango wa basi, anahema, amelowa, na abiria wakamwangalia kwa huruma ile wanayopewa akina mama wenye watahiniwa. Mzee mmoja alimwambia binti, "Ufaulu, mjukuu wangu, una mama wewe."

Aliivua kifuniko. Hapakuwa na wino. Palikuwa na tundu dogo, laini, lililong'aa kwa kuzoea midomo. Kabatini kwake kazini alikuwa na masanduku ya sigara za kielektroniki zilizokamatwa miaka iliyopita, madude mazito kama vifaa vya fundi bomba. Hajawahi kuona kitu kama hiki. Aliiweka mdomoni akavuta. Taa ndogo ya buluu ikawaka kitakoni, na kinywa chake kikajaa zabibu. Akakohoa mpaka machozi yakamtoka.

"Mama? Unafanya nini na..."

Narae alikuwa mlangoni, begi bado mgongoni.

"Na nini? Malizia. Na nini?"

"Na kalamu yangu."

"Kalamu gani hii inatoa moshi wa zabibu, we mtoto?"

"Sio moshi," Narae alisema kwa sauti ndogo. "Ni mvuke."

Kama angelia, au angekana, pengine Myeong-ju angejua la kufanya. Lakini kusahihishwa! Aliketi kitandani kwa binti yake.

"Ulijaza dodoso langu. Pale pale mezani. Swali la saba ukaweka 'La'. Mimi mama yako ukaniandikia uongo kwenye karatasi ya utafiti."

"Sikuandika uongo. Uliuliza sigara. Mimi sigara sijawahi kuvuta, haki ya Mungu. Sigara zinanuka, Mama. Wanavuta wababa nyuma ya soko, halafu wanatema mate."

"Niliuliza ya kielektroniki!"

"Sasa nani anaita hivyo? Hilo ni neno la kwenye taarifa ya habari. Hamna mtoto hata mmoja analitumia. Ukimwambia mtu 'sigara ya kielektroniki' anadhani unamsema mjomba wake."

"Mnaitaje?"

Narae alivua begi. Alilishusha chini polepole, akaliweka sawa ukutani, kama vile kuliweka sawa ndiyo kazi iliyomleta.

"Narae. Mnaitaje?"

"Kupunga upepo."

Kuna maneno mtu hayasikii kwa sikio tu, huyasikia kwa miaka. *Mama, natoka kupunga upepo.* Baada ya chakula, kabla ya hesabu. Baada ya Kiingereza. Asubuhi ya Jumapili, kabla hata ya kunawa uso. Na yeye anajibu kutoka jikoni, kila mara, kwa furaha: *Nenda mwanangu, ubongo nao unataka hewa.* Alikuwa akijisifu kwa Pil-sun kwamba watoto wa wenzie wanasinzia juu ya vitabu, wa kwake anajua kujipumzisha. Siri ya mtungi, wanasema, aijuaye ni kata. Myeong-ju alikuwa kata na asijue kitu.

"Nani aliwapa jina hilo?" alisema hatimaye.

"Nyinyi."

"Sisi nani?"

"Akina mama. Si ndivyo mnavyotuambia? 'Umekaa sana mwanangu, kapunge upepo kidogo.' Kule tuisheni siku moja tukagundua kila mtu mama yake anasema hivyohivyo, mpaka sauti. Tukacheka mbavu zikauma. Basi, likabaki. Sasa mji mzima wanasema."

"Na mimi nilikupa dodoso! Nikakuuliza, mwanangu, linaeleweka? Kwa nini hukuniambia neno ni baya?"

Hapo Narae akamtazama usoni kwa mara ya kwanza. Hakukuwa na ujeuri machoni mwake, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi mama yake.

"Lilieleweka, Mama. Wewe si ndiye ulinifundisha? Tangu darasa la kwanza, unapiga mstari chini ya swali kwa rula. 'Jibu ulichoulizwa. Usijibu ulichodhani.' Nikijibu zaidi unafuta. Wote tumefundishwa hivyo. Swali la saba halikutuuliza sisi."

 Ni kweli Myeong-ju alikuwa na rula hiyo. Bado ilikuwa kwenye droo ya jikoni.

"Tangu lini?"

"Mwaka wa kwanza wa sekondari ya chini."

"Ulikuwa na miaka kumi na miwili!"

"Na nusu. Nilikuwa nasinzia kwenye hesabu. Msichana niliyekaa naye akanipa, akasema jaribu, macho yatafunguka. Yakafunguka kweli." Akatazama kitabu cha hesabu mezani. "Ule mtihani nilipata tisini na sita. Ukaninunulia keki."

Ya krimu, yenye stroberi juu, na mshumaa mmoja ingawa haikuwa siku ya kuzaliwa. Myeong-ju aliikumbuka mpaka sahani yake. Jun-sik alipiga picha. Picha hiyo ilikuwa kwenye jokofu hadi leo, imeshikwa na sumaku, na kila asubuhi wakitoa kabichi ya kimchi wanaiona: mtoto ana kisu cha keki mkononi, anacheka, na nikotini ya mwezi wake wa kwanza iko damuni.

"Unaweza kuacha?" Sauti ilimtoka kama ya mtu mwingine.

Narae alianza kucheka, kicheko kikamwishia njiani.

"Nilijaribu likizo ya baridi. Siku mbili. Nilikuwa natetemeka, natapika, nakubamizia milango. Ukasema ni homa ya mafua." Midomo ikaanza kumcheza. "Ulinipikia uji wa kitunguu, Mama. Ukakaa na mimi unanishika miguu. Nikaona aibu. Siku ya tatu nikaenda kupunga upepo."

Ndipo alipolia, na mama naye, wamekaa kitandani kila mtu pembe yake, kalamu ya zambarau katikati yao. Hakuna aliyekwenda tuisheni siku hiyo wala aliyepika. Kabla ya magharibi Narae alimkabidhi nyingine mbili: moja kutoka soksini, moja kutoka ndani ya kamusi.

Ijumaa Myeong-ju alirudi kwenye ile shule na katoni ya karatasi. Mwalimu mkuu Ok alimpokea kwa bashasha, akidhani kaleta cheti.

"Nataka swali moja zaidi," Myeong-ju alisema. "Dakika mbili kila darasa."

"Daktari, jambo limeshaisha hilo! Gazeti la mkoa linakuja Jumatatu kupiga picha!"

"Mwalimu mkuu, nina vichupa tisini na vinne vyenye nikotini. Niambie wewe nipeleke nini kwenye gazeti, bango au vichupa?"

Yule mzee alifungua mdomo kubisha, kisha rangi ikamshuka usoni kama maji kwenye sinki.

"Tisini na vinne? Mabinti zetu hawa?" Akatazama dirishani, uwanjani, ambako darasa moja lilikuwa linaruka kamba. "Hawa hawa wanaoruka?"

"Hao hao."

Hakubisha tena. Alimfungulia milango mwenyewe, darasa hadi darasa, na kila alipofika alikuwa anawatazama watoto mmoja mmoja kana kwamba amebadilishiwa.

Karatasi ilikuwa na mstari mmoja tu. *Kwa siku, unakwenda kupunga upepo mara ngapi? (Mnajua upepo gani.)* Katika kila darasa ilikuwa vilevile. Kwanza msichana mmoja aliguna, wa pili akafunika mdomo, kicheko kikazunguka chumba kizima kama panya. Halafu kikafa. Wakamtazama yule mwanamke mbele yao, mwenye miwani na suti ya kijivu, mwenye umri wa mama zao, wakaelewa kwamba amejua.  Kisha kalamu zikaanza kuandika, kwa sababu safari hii waliulizwa wao, na walikuwa watoto waliofundishwa kujibu walichoulizwa.

Pil-sun alimsaidia kuhesabu. Mia moja thelathini na mmoja. Zaidi ya waliofichuliwa na mate, kwa vile wapo wanaovuta mwisho wa wiki tu. "Mara tatu." "Mara nane." "Mara 11, nani amekuambia?" "Kila kipindi isipokuwa cha michezo." "Sihesabu." Mmoja, mwandiko wa duara wa mtoto wa sekondari ya chini, aliandika mara kumi na tano, na chini yake kwa herufi ndogo mno: "Daktari, tunaachaje?"

"Huyu ni nani?" Myeong-ju aliuliza, akigeuza karatasi huku na huku.

"Ulikula kiapo, Daktari," Pil-sun alimkumbusha, kwa mara ya kwanza bila ukali. "Hujui na hutajua."

Ni kweli. Katika watoto mia moja na ushee alijua mmoja tu, na huyo hakuwa hata wa shule ile. Aliandika namba ya simu ya kliniki ya kuacha nikotini, akaomba ibandikwe kila choo, nyuma ya kila mlango. Alipotoka langoni bango halikuwapo. Mwalimu mkuu alikuwa amelitungua kwa mkono wake, amekaa kwenye ngazi za lango, amelikunja mapajani.

Jumapili ilikuwa siku ya nne ya Narae bila kuvuta. Miadi ya kliniki walipewa ya kesho yake, saa tatu. Jun-sik alikuwa amekuja, ameambiwa, ameduwaa jikoni saa nzima mbele ya ile picha ya keki, kisha akatoka kwenda kununua chochote ambacho binti atakubali kula. Nyumbani wakabaki wawili. Narae alikuwa mezani na kitabu cha hesabu. Alikuwa amezitafuna kucha mpaka kwenye nyama, na goti lake lilicheza chini ya meza mfululizo hivi kwamba kikombe cha chai ya shayiri kilikuwa kinalia kwenye kisahani. Lakini alikaa. Alifanya swali, akakosea, akafuta, akafanya tena. Saa moja. Saa moja na nusu. Hajainuka hata mara moja.

Myeong-ju alikuwa anamenya peasi upande wa pili wa meza, anamtazama kwa kuibia. Alimwona anavyopigana. Moyo ukamjaa fahari na huruma kwa pamoja, ile huruma ya zamani ya kumwona mtoto amejikunja juu ya kitabu, na mdomo wake, uliozoea miaka kumi na sita, ukasema wenyewe kwa upole wote uliokuwamo:

"Umekaa sana mwanangu. Kapunge upepo kidogo."

Kiti kilirudi nyuma. Narae alikuwa ameshasimama, ameshafika mlangoni, mkono umezama kwenye mfuko wa koti lililoning'inia, vidole vinatafuta. Hakuwa ameamua. Mwili uliitwa, ukaitika. Vidole vilitafuta kona moja ya mfuko, vikatafuta na nyingine, kisha vikatulia. Aliutoa mkono taratibu, mtupu, akautazama kama si wake.

Kisu kilikuwa kimemdondoka Myeong-ju sakafuni.

"Mama," Narae alisema, bado ameipa mgongo meza na kitabu chake. "Usiniambie tena hilo neno. Nakuomba."

"Sitasema."

"Hata nikichoka. Hata nikifa usingizi."

"Sitasema, mwanangu."

Narae akarudi, akakaa, akashika penseli. Goti likaanza tena. Myeong-ju aliokota kisu, akamkatia kipande cha peasi, akamsogezea. Alitaka kumwambia apumzike kidogo. Alilitafuta neno jingine la kumwambia hivyo, katika lugha aliyoisema miaka arobaini na saba, na hakulipata.